Kidole Pembeni mwa Picha

Iida, 9 Oktoba 2005

Mwanangu Chinatsu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku asubuhi zimeanza kuuma masikio na milima inabadilika rangi. Unaendeleaje huko Osaka? Unakula, au bado unashindia zile tambi za kumwagia maji moto? Sisi hatujambo. Persimoni zimeiva na nimeanza kuzimenya na kuzitundika zikauke. Mwaka huu namenya peke yangu, maana mama yako anachoka upesi. Nimemwambia akae pembeni anisimange tu, kazi anayoiweza vizuri.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sikusikii sawasawa, na kwa sababu Mama amenituma. Anaomba uje kabla majani hayajaanguka, ipigwe picha. Ametoa kabatini kile kimono cha zambarau iliyofifia, cha bibi yako, amekianika kipate upepo katika chumba cha nyuma. Ukuta wa chumba hicho amenifanya niufute wote, juu hadi chini. Nikamwambia duka la picha mjini lipo. Akasema hapana, mpaka uje wewe. Jitahidi basi.

Wako,
Baba

Osaka, 16 Oktoba 2005

Shikamoo Baba,

Natumai barua hii inawakuta wazima. Mimi ni mzima isipokuwa miguu, kwa kusimama kutwa dukani kwenye ghorofa ya kamera nikitabasamu. Mama mwambie apunguze kazi, persimoni hazitamkimbia.

Baba, msinifanye mtoto. Kimono, ukuta mtupu, mgongo wima: picha hiyo naijua. Nilipigwa nikiwa na miaka ishirini na minne, Bi Nonaka akaizungusha kwa mama wa kila kijana wa bonde zima. Yule wa benki akairudisha akisema nina macho makali. Sasa nina thelathini na mitatu. Mwambie Mama nimechoka na washenga, na Bi Nonaka naye apumzike. Picha ya uposo sipigwi tena, na kwa ajili hiyo siji.

Lakini sitaki mnune, kwa hiyo nawatumia zawadi. Ni kamera ya dijitali, nyembamba kuliko zote tunazouza. Unene wake ni wa biskuti. Ukiiweka mfuko wa shati unasahau kama ipo. Haina filamu, picha ikiharibika unaifuta papo hapo na hakuna wa kukucheka. Nyuma ina kioo kikubwa, unaona unachopiga hata bila miwani. Wateja wanaipigania. Jipigeni wenyewe mpaka mchoke.

Binti yenu,
Chinatsu

Iida, 6 Novemba 2005

Marahaba mwanangu,

Tunashukuru Mungu na mababu, tupo. Umande umeanza kuganda, na wewe usisahau kuvaa soksi nzito.

Kamera imefika. Mama yako alidhani ni kikopo cha poda, akaitafutia kifuniko. Sasa msikilize mteja. Kwanza, haina tundu la kuchungulia. Mtu anaishika mbali na uso, mikono imenyooka, kama aliyebebeshwa mtoto anayekojoa. Jua likitoka, hicho kioo chako kikubwa kinakuwa cheusi, napiga kwa kubahatisha. Ndani nako inawasha taa yake yenyewe, na uso wa mtu unatoka mweupe kama unga. Halafu ni nyembamba mno. Vidole vyangu vimezoea makasi ya kupogoa miti, hapo havina pa kukaa, na kila picha inatoka na kidole changu pembeni. Nikibonyeza kitufe inatikisika yote, kwa kuwa haina uzito wa kutulia. Mama ana picha nyingi sasa, na katika zote ni ukungu wenye nywele.

Nisiwe mchoyo, ina mazuri yake. Mama anaipenda. Anaichomeka kwenye mshipi wa kimono, anatoka nayo, na hakuna anayejua. Amempiga paka wa jirani, ameipiga mikono yangu ikimenya, amempiga Bi Nonaka akipiga miayo. Hiyo ya miayo amenionyesha mara ngapi sijui.

Lakini picha yenyewe bado hajaipata. Anasema anamtaka mpigaji, si kamera. Nilitaka nikuandikie ni picha ya nini, ila amesimama nyuma ya bega langu na amekataza. Anasema utajua ukifika. Njoo, Chinatsu. Hata kwa siku moja.

Wako,
Baba

Osaka, 23 Novemba 2005

Shikamoo Baba,

Mnaendeleaje na baridi? Huku mvua tu. Nimecheka peke yangu chumba cha chakula dukani, wenzangu wakaniuliza kama nimepata mchumba. Mwambie Mama na hilo, afurahi.

Malalamiko yako ni ya kweli, tunayasikia kila siku, ila hatuwaambii wateja kabla hawajalipa. Wembamba huo ndio unaowavuta, na ndio unaowaudhi wakifika nyumbani. Fanya hivi. Bana viwiko kwenye mbavu. Shika kingo kwa ncha za vidole, kama unavyoshika kaseti. Vuta pumzi, izuie, halafu bonyeza polepole. Taa izime, mkae karibu na dirisha. Betri yake ni ndogo, baridi ikiingia inakata moto, kwa hiyo ipashe kwapani kabla ya kupiga.

Kuhusu kuja: kama nitajua nikifika, basi najua tayari. Mwisho wa mwaka ni msimu wetu wa mauzo, hakuna ruhusa. Nitakuja miti ya cheri ikichanua, na nitakuja na suruali, si kimono. Mama mbona siku hizi haniandikii ule mstari wake wa kawaida chini ya barua? Amekasirika?

Binti yenu,
Chinatsu

Iida, 17 Januari 2006

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Theluji imefika magotini. Natumai umepata hata bakuli moja la supu ya mwaka mpya mahali fulani.

Sisi tuliupokea wawili. Mama alikula kipande kidogo cha mkate wa mchele, akaniachia uliobaki. Hajakasirika. Mkono wake unachoka, ndiyo maana haandiki. Kamera naipasha kwapani kama ulivyosema, na Mama anasema siku hizi naikumbatia hiyo kuliko yeye.

Juzi alivaa kile kimono, tukakaa karibu na dirisha. Kilimkaa kikubwa. Nilibana viwiko, nikazuia pumzi. Mama akasema tumsubiri Chinatsu kidogo, na mimi nikasema sawa.

Cheri ni mbali, mwanangu. Hakuna treni kabla ya hapo?

Wako,
Baba

Osaka, 27 Februari 2006

Baba,

Sijui nikusalimieje. Umelala? Umekula? Ule wali niliouacha kwenye friji upashe, usiule baridi.

Nimerudi kazini leo. Alikuja mzee mmoja na mkewe, wanataka kamera nyembamba, nikamwita mwenzangu awaeleze. Nimeomba nitolewe ghorofa hiyo.

Kwa nini hukuniambia? Najua alikukataza. Lakini wewe ni baba yangu, ungeniandikia ukiwa bafuni, ungenitumia karatasi yenye neno moja tu. Barua yako ya Januari niliisoma nikienda kazini. Niliposoma kwamba amevaa kimono, nikadhani anakijaribu ili aje anionyeshe kinavyofungwa. Nikakasirika, Baba. Nikaikunja, nikaiweka mfukoni, sikujibu. Baada ya hapo ikaja simu ya Bi Nonaka kuniambia niwahi, na sikuwahi.

Kisha nikaingia chumba cha nyuma, nikaona picha ya Mama katikati ya maua meupe, juu ya jeneza. Kimono kile kile, ukuta ule ule mtupu. Hapo ndipo nilipoelewa ilikuwa picha ya nini. Nilidhani ni yangu. Mwezi baada ya mwezi nilidhani mnanitaka mimi nikae pale.

Na nisamehe kwa mbele ya wageni. Niliwaambia watu wa mazishi wakifute kile kivuli cheusi pembeni, maana kazi hiyo kwa kompyuta ni ya dakika tu, ukawapigia kelele. Sijawahi kukusikia ukipiga kelele. Tangu siku hiyo hatujaongea, na mimi sijui nimekosa wapi, kwa kuwa nimekosa kila mahali.

Binti yako,
Chinatsu

Iida, 12 Machi 2006

Mwanangu Chinatsu,

Nimepokea salamu zako. Nakula. Wali niliupasha. Theluji imeyeyuka kwenye mashina ya miti, na natakiwa niwe napogoa, ila bado sijaanza.

Hukukosa kwa watu wa mazishi. Wewe ulikuwa unaitengeneza kazi mbaya ya mteja wako. Sikiliza sasa, maana leo hakuna mtu nyuma ya bega langu.

Bibi yako alipofariki, hapakuwa na picha ya kuweka mazishini. Wakamkata kwenye picha ya safari ya chemchemi za moto, bega la jirani likabaki shingoni kwake, na macho yake yalikuwa yanatazama gari la wageni. Mama yako alimwona hivyo kwenye madhabahu ya nyumbani kila asubuhi alipompelekea chai. Alipoambiwa na daktari kwamba hatapona, hakulia. Alisema ya kwake ataipiga mapema. Nikamwambia twende dukani. Akanijibu, "Kwenye hizi picha mtu huwa anamtazama aliyeshika kamera. Nataka niwe namtazama Chinatsu. Akija kunisalimia na uvumba, akute namtazama yeye." Hakutaka uje kwa kumhurumia. Uso wako wa huruma haukuwa ndio anaotaka kuutazama. Nilimtii, na ninajuta kuliko ninavyoweza kuandika.

Tulisubiri. Mwisho alikuwa hawezi kukaa wima muda mrefu. Siku moja akavaa tena kimono, nikabana viwiko, nikazuia pumzi, nikasahau kidole. Akakiona. Akasema, "Chinatsu angeona unavyoshika, angekunyang'anya mali yake." Akacheka, na mimi nikabonyeza. Katika picha zote, hiyo peke yake haikutikisika. Sijui kwa nini.

Kidole kile ni changu, ndiyo. Lakini anachokicheka ni wewe ukinigombeza. Wakikifuta kidole, atakuwa anacheka hewa, na wewe utakuwa umefutwa. Ndiyo maana nilipiga kelele.

Tarehe tatu Aprili ni siku ya arobaini na tisa tangu atutoke, siku ya kumwombea, na cheri za hapa zitakuwa zinaanza. Ulisema utakuja wakati huo. Njoo na suruali yako. Mimi nitavaa koti la harusi yetu, Bi Nonaka amekubali kulipiga pasi, na ukuta nimeufuta tena.

Safari hii sikufichi picha ni ya nini. Ni ya mazishi yangu. Siumwi, usishtuke, magoti tu. Ila nataka nimtazame mwanangu nikiwa bado namwona vizuri.

Kamera nimeichaji.

Wako,
Baba