Stendi Tuu

Burma, 14 Septemba 1944

Baba yangu mpendwa, Mzee Mbaruku, Miono,

Shikamoo. Mimi mwanao sijambo, ila mvua na ruba vinatusumbua. Hofu yangu ni juu yako, kwa kuwa tangu mama atutoke huna wa kukupashia maji. U hali gani?

Baba, haja yangu ni Mwanaasha. Posa yangu ilikubaliwa kabla sijaingia jeshi la Keya. Nakuomba umsihi Mzee Husseni asimwoze binti yake kwa mwingine mpaka nirudi. Huku kazi ipo. Kila alfajiri Wazungu wanatuita "stendi tuu", na jioni tena. Hatujalala vizuri tangu tufike.

Nisalimie wote barazani.

Mwanao, Ausi

Miono, 29 Oktoba 1944

Mwanangu Ausi,

Marahaba. Sisi wazima, ila nguruwe wamemaliza mihogo.

Barua yako niliisoma barazani, watu wakacheka hata jirani yetu Bwanausi akamwaga kahawa. Mtoto wa Bi Tatu yuko vita hiyo hiyo, aandika kwamba kapiga bunduki mpaka mtutu ukawa moto. Wewe wangu waamshwa alfajiri usimame tu. Kiingereza sikusoma, "stendi" nimeambiwa ni kusimama, na "tu" naijua tangu nanyonya. Watoto kisimani wamekwisha kukupa jina, Simama Tu. Mwanaasha kalisikia, kajifunika kanga uso. Mzee Husseni aniuliza tangu lini nguzo ikaoa. Nimjibu nini?

Baba yako

Burma, 8 Desemba 1944

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi mzima. Rafiki yangu Kulwa hayupo tena.

Ile "tuu" si tu yetu, baba. Sajini kanieleza kwamba amri ilikuwa ndefu: simameni penye silaha zenu. Wazungu wakaikata mkia, silaha zikaachwa, ikabaki "simameni penye", na hiyo "penye" ndiyo "tuu" yao. Maana yake kila mtu aingie handakini, bunduki mkononi, kwa sababu adui hupenda kuja wakati jicho halijaona vizuri. Kulwa alipigwa risasi saa hiyo, bega lake limegusana na langu. Nilibaki naye mpaka jua likatoka, maana huruhusiwi kuondoka. Kazi hii sioni haya nayo. Kinachoniuma ni kwamba ulicheka pamoja nao.

Isome hii barazani kama ulivyoisoma ile. Mzee Husseni aisikie, na Mwanaasha aelezwe.

Mwanao, Ausi

Miono, 2 Machi 1945

Mwanangu Ausi,

Marahaba. Huku wazima, na jikoni mwetu moto unawaka tena.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nimeielewa, wala si ngumu. Barazani sikuisoma. Mzee Husseni alikuwa amekwisha kuchoka kuchekwa, akataka binti yake aolewe upesi na mtu aliyepo, na mtu aliyepo ni mimi. Ijumaa tukafunga ndoa. Ningeisoma, yangezuka maneno mengi. Mwalimu wa chuo cha Kurani nilimwuliza, akasema posa si ndoa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu.

Mwanaasha alilia sana. Aliniuliza kama kweli wewe huko wasimama tu. Nikamwambia ndiyo.

Ukirudi usimwite jina. Utamwita mama, na shikamoo utampa.

Baba yako