Kadi ya Pili

Wee, uko wapi? Leo nimeumbuka mpaka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Unaikumbuka ile harusi niliyopiga picha Jumamosi? Naingiza picha kwenye kompyuta, zinaishia bibi harusi anashuka kwenye gari. Basi! Hakuna pete, hakuna keki. Nimezima kompyuta nikawasha, nimeipuliza kadi ya kamera kama jiko la mkaa. Wapi!

Nikajikaza nikawapigia wenyewe. Nikawaambia kompyuta imezimeza. Kompyuta!

Wakakubali kurudia. Bwana harusi kaomba ruhusa kazini, kavaa suti saa sita mchana, wakavishana pete upya sebuleni mbele ya kochi. Nikapiga kama sitini hivi.

Nimemaliza, nafungua kamera nitoe kadi, shangazi wa bibi harusi akachungulia begani kwangu. Yeye ni fundi cherehani, kamera hajui hata inavyoshikwa.

"Mwanangu, mbona humo kuna kadi mbili?"

Kadi mbili. KADI MBILI! Ya kwanza ilijaa, kamera yenyewe ikahamia ya pili, na mimi siku zote nachomoa moja tu. Miaka tisa kwenye kazi hii, na bango la dukani limeandikwa "mtaalamu".

Tukaifungua ile ya pili. Zote zimo: pete, keki, hata ile niliyomkata bwana harusi kichwa. Bibi harusi akaziangalia moja moja, akairudia ile isiyo na kichwa. Nikajiweka sawa nisubiri shukrani.

"Kaka," akasema, "hizi zirudishe zilikokuwa. Sisi tutachukua za leo."