Mzee Oloo Ameona Mchoro Wangu

Nabwile uko?

Unamkumbuka Mzee Oloo, jirani yangu hapa Kaloleni, aliyekubali nimchore? Leo amekuja na mkewe kuona. Na sikuwa nimemwambia nimemchora kama mpagazi wa ile vita ya wakoloni ya 1914, amebeba mzungu mgongoni njia ya Taveta.

Mkewe ndiye alisema, "Rita, umemfanya mume wangu punda."

Punda, Nabwile.

Nikajitetea eti ni historia. Mzee akasema, "Babu yangu ndiye alibeba. Mimi nilikubali kuchorwa tu."

Rangi ilikuwa bado mbichi; nikashika kitambaa nikamfuta huyo mzungu mzima, mbele yao.

Mzee akaangalia tena. Akaniuliza polepole, "Sasa ameshuka. Mbona mimi bado nimeinama?"