Naam Zako Nimezifuta

Kaka yangu Kulwa,

Leo nimeifungua tena ile programu yetu ya pampu. Tangu tukuzike kule Masumbwe nilikuwa naikwepa. Nikifika ofisini nafanya kazi nyingine zote, hiyo naiacha. Lakini kampuni imeungana na wenzao wakubwa, na mhandisi mpya ameomba majina yote ndani ya programu yafuate utaratibu wa ofisi zao, kwa Kiingereza. Ameomba kwa upole, sina ugomvi naye. "Dada Doto, atakayekuja baada yako naye aweze kuisoma," aliniambia. Na wewe ulikuwa unaniambia hivyo hivyo.

Unakumbuka tulivyoanza? Mapacha wawili, kompyuta moja, na ofisi ya mabati hapa Rwamgasa iliyokuwa ikituoka mchana kama viazi. Kazi yenyewe ilionekana ndogo: maji yakijaa chini ya duara, lile shimo wanamochimba dhahabu, kompyuta ijue, pampu iwake. Wewe ukasema kwanza tukubaliane majina. Kila tukio liitwe kwa jambo lililokwisha kutokea, kama wazee wetu wanavyowapa watoto majina. "Mzee Mabula aliitwa Mabula kwa sababu mvua ilishanyesha," ulisema. "Hakuna aliyekaa akasubiri mawingu." Basi tukio la kwanza tukaliita MajiYamejaa. Mzee Mabula mwenyewe, mkubwa wa wachimbaji, alipopita kutusalimu kwa mwangaluka yake ya asubuhi tukamweleza, akafurahi kweli kusikia kwamba jina lake limetusaidia.

Sasa kila tukio lilihitaji kipande cha programu cha kuliitikia. Hapo hatukukubaliana, maana hatukujua kama kuna la kukubaliana. Mtu akiitwa si anaitika? Wewe uliandika sehemu inayomtafuta mwitikaji: tukio likitokea, litafutwe jina lile lile lililotanguliwa na Naam. Mimi nikaandika kipande chenyewe, nikakiita AbeeMajiYamejaa. Mtoto wa kike aliyelelewa na mama yetu angeandika nini kingine?

Siku ya majaribio maji yalipanda, pampu kimya. Mzee Mabula akatoka duarani suruali imelowa hadi kiunoni, anafoka: "Huyo mtu wenu kaitwa, mbona haitiki?"

Tulipogundua sababu, ulicheka hadi ukakaa sakafuni. Mimi nilikaribia kulia. Ukanishika bega, ukasema, "Hakuna aliyekosea, Doto. Nyumba moja, lakini tulifundishwa kuitika tofauti." Kisha ukaamua tutumie Naam kila mahali, eti kwa kuwa wewe ndiye uliyetangulia kuzaliwa. Hoja hiyo hiyo ulikuwa unaitumia tangu tulipokuwa tunagombania minofu kwenye sahani moja. Nikakubali. Mama aliposikia binti yake anaandika Naam kutwa nzima, alisema kompyuta itanimalizia adabu yote.

Halafu Mzee Mabula akaomba kengele. "Nikibonyeza huku chini, nani atajua huko juu?" aliuliza. Ukatandaza waya mwenyewe hadi chini, ukafunga na taa ya kengele ukutani ofisini, ukaongeza tukio jipya, ukaliita MtuAmeita. Kipande cha kuitikia ukasema utakiandika ukirudi kutoka kumwona mama. Kule nyumbani homa ikakushika, na hukurudi.

Mzee Mabula hajawahi kunikumbusha. Alilia msibani kuliko baadhi ya ndugu zetu, na nadhani aliona aibu kunidai. Lakini kila alipoteremka nilijua kwamba ile kengele haina wa kuisikia, na bado nikashindwa kuligusa faili ulilolishika mwisho wewe. Niliogopa, kaka. Niliona nikikiandika kile kipande, nitakuwa nimekubali kwamba hurudi.

Leo nimekubali. Nimeanza na majina, nikabadilisha moja baada ya jingine: NaamMajiYamejaa, NaamPampuImezimika, na mengine yote. Kila nilipofuta Naam moja nilikuwa nasikia sauti yako ukiitika uani, mama akikuita ukachote maji. Nimelia, sikufichi. Mhandisi aliniletea chai akaiweka mezani, akatoka nje akaniacha peke yangu. Ana utu yule kijana, ungempenda.

Mwisho nikafika kwenye tukio lako la MtuAmeita, limekaa peke yake, halina wa kuliitikia. Nikaliandikia mwitikaji. Nikampa jina la Kiingereza kama walivyotaka, kwa sababu watu walioko chini hawana haja na jina, wana haja ya kusikika. Nikamwomba Mzee Mabula ateremke ajaribu. Akanitazama kidogo, akavaa kofia yake, akashuka.

Tulikaa mimi na mhandisi tukiitazama ile taa nyekundu uliyoifunga ukutani. Ikawaka. Na hapo hapo, bila kufikiri, nikajikuta nimenyanyuka kwenye kiti na kuitika kwa sauti kubwa ofisi nzima: "Abee!"

Mhandisi aligeuka kuangalia nani ameniita.

Pumzika kwa amani, kaka. Kengele yako inasikika.

Mimi niliyezaliwa nyuma yako,
Pacha wako, Doto