Manuari ya Shaba Juu ya Kabati

Tata, baba yangu mpenzi,

Manuari yako imeelea. Nakupa habari hii kwanza, maana najua huna subira na watu wa kuzungukazunguka.

Unakumbuka uani kwetu Kapata, umekaa kwenye kigoda, ukigonga shaba juu ya gogo hadi majirani wakanuna? Wenzako waligonga picha za tembo na za wanawake wenye vikapu. Wewe uliona katika gazeti kuukuu picha ya Hoche, manuari ya zamani ya Wafaransa, ikakuteka moyo. Ulitusimulia habari zake kama za ndugu wa damu: mbele na nyuma imeinama karibu na maji, mizinga mikubwa mbele, nyuma na kila ubavu, na katikati ghorofa juu ya ghorofa, hadi watu wakaiita Hoteli Kubwa. Haikupigana vita hata moja. Ilizeeka kwenye mazoezi, mwishowe meli za kwao wenyewe zikaifanya shabaha na kuizamisha. Ukifika hapo ulitikisa kichwa kama mfiwa.

Uliigonga yote, ghorofa zote, kwa shaba nene, maana fundi wa kwetu hapendi kitu chepesi. Kila ulipoiweka kwenye beseni la kuogea, ililala ubavu.

"Kata ile ma-etaji, ile maghorofa ya juu, tata! Kichwa yake iko nzito," mama alicheka.

"Bafransa balijenga vile. Mi nani wa kukata?"

Ukairudisha juu ya kabati, ukanuna. Ulituacha duniani hujaiona ikisimama wima, na hilo liliniuma kuliko nilivyosema.

Jumapili, baada ya misa, mama aliishusha mwenyewe. Alisema anataka kuiona ikielea, umri wa kungoja umempita. Nilishika mkasi wa kukatia bati, tata, nikate ghorofa ya juu. Mkono ukagoma. Mama akaninyang'anya mkasi, akafungua sitaha.

"Acha. Leta nyundo ya tata yako, tuiweke mule chini."

Nyundo ililala tumboni mwa meli kama iliyopimiwa. Tukaishusha meli kwenye beseni, maji yakatulia. Hoteli yako ilisimama wima na ghorofa zake zote, na mama akapiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani ameoa.

Nina furaha, tata. Ila nyundo haitoki tena mle. Ukitaka kugonga kitu huko uliko, azima ya mtu.

Mtoto wako wa kwanza, hapa nyumbani
Kapata