Inzi Aliyekataa Ndagala

Ijumaa, alasiri. Mvua imekatika lakini mawingu bado yamekalia milima, na tope la mto Mulongwe limefika hadi mlangoni kwangu. Sina raha. Jumapili familia inakutana, na mimi nitaulizwa jambo moja tu: Bahati aoe kule Kilibula, au tukatae?

Bahati ni mtoto wa kaka yangu. Anafundisha biolojia katika shule moja ya Kasenga. Mimi ni shangazi yake, na kwetu, kabla wanaume hawajaenda kujitambulisha kwa wazazi wa msichana, shangazi hutangulia kuichunguza nyumba. Huenda bila kutoa taarifa, tena jioni, maana jioni ndipo unapojua kama watu wanajua kupokea mgeni. Atakachosema shangazi ndicho hufuatwa.

Nilikwenda juma lililopita. Jua ndiyo kwanza limezama, majirani wote bado wanasonga bugali nje, lakini mlango wa akina Furaha ulikuwa umefungwa. Nilibisha mpaka vidole vikaniuma. Furaha mwenyewe, huyo mchumba, alinifungulia akiwa na macho mekundu. Mama yake akapiga miayo kabla hajanisalimu. Baba na kaka zake walikuwa wameshalala. Tukiwa katikati ya mazungumzo, msichana akasinzia na sahani mkononi.

Nilirudi nyumbani nimejaa mawazo. Huyu ana mimba. Au anakunywa dawa fulani. Au ni dharau tu.

Kumbe kaka yangu Musafiri, baba yake Bahati, alikuwa na lake, baya kuliko yangu yote. Naye anakaa Kilibula, na dirisha lake linatazama nyumba ile. Alinivuta pembeni akaniambia kwamba taa yao huwaka wakati mji mzima umelala fofofo, na vivuli vinapita huku na huku. Hakutaja neno walozi. Hakuwa na haja.

Hapa kwetu neno hilo likitoka kinywani mwa mkubwa wa familia, linafika kwenye vyumba vya maombi vinavyofichua wachawi haraka kuliko moto, na nimeona nyumba ya watu ikipigwa mawe kwa sababu ndogo kuliko taa. Naogopa kulisema. Naogopa pia kulinyamazia, halafu kijana wetu aingie pabaya kwa sababu yangu.

Bahati alipopata habari alikuja mbio. Alinieleza kwamba kuna familia ambazo usingizi huwashika mapema na kuwaachia mapema, mzazi kwa mtoto, na kwamba ni mambo ya jeni, vitu tunavyorithi mwilini kama tunavyorithi pua. Wataalamu walianza kuziona jeni hizo kwa inzi, akasema, kisha wakakuta zinazofanana nazo kwa panya na kwa watu. Zikibadilika kidogo tu, saa za kulala nazo zinahama.

"Shangazi, inzi na weye muko na saa ya namna moja ndani ya mwili," aliniambia.

Nikamuuliza kama hao inzi wa wataalamu hupewa hata mto wa kulalia. Mwanaume aliyependa atakuapia hata samaki wanakoroma. Nilimwona anatafuta njia ya kunifunga macho, basi, na jeni zake.

Lakini maneno yake hayakuniacha. Jana jioni jikoni nilimwona inzi ametulia kwenye kamba ya nguo. Nikampulizia taratibu. Hakusogea. Nikachukua sahani ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, niliyokuwa nimetoka kukaanga, nikaisogeza hadi chini yake kabisa. Kimya. Miaka yote hii ya kupambana na inzi sijawahi kuona anayekataa ndagala. Nilipoivuta kamba kwa nguvu ndipo akaruka, akagonga ukuta kama mtu aliyeamshwa vibaya.

Haya, inzi hulala. Hilo nimelikubali. Ila usingizi wa inzi hauniambii wakwe wanaamka kufanya nini. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mimi ningemwomba hata malaika kitambulisho, na sikuwahi kubisha.

Kwa hiyo leo nimevunja desturi. Nimepanda moto, pikipiki ya abiria, kabla hakujapambazuka vizuri, nikaenda kuwavamia asubuhi.

Nyumba nzima ilikuwa macho. Furaha alikuwa anatwanga majani ya muhogo ya sombe huku anaimba, maji yamejaa kwenye mapipa, ua umefagiliwa, kaka zake wanapiga pasi sare za shule. Macho ya yule msichana yalikuwa maangavu, na alinipokea kwa mikono miwili. Nikaletewa chai na mihogo ya moto. Bado nikaomba kwenda chooni, ili nichungulie nyuma ya nyumba. Nyuma ya nyumba kulikuwa na nguo zimeanikwa.

Ikabidi nimuulize mama yake waziwazi, kwamba watu wanaona taa. Hakukasirika. Aliniongezea chai kwanza.

"Kwetu usingizi inakamata watu mapema, Mama Riziki. Mama yangu alikuwa vile, na minye niko vile," alisema. "Sasa ule mwenye aliona taa yetu, yeye alikuwa macho juu ya nini?"

Niliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Kisha jibu likanijia, na nikaona aibu.

Marehemu baba yetu aliamka kila siku giza likiwa zito. Aliwasha kibatari, akanoa jembe, akashuka bonde la Ruzizi kabla ndege hawajalia. Jua likizama alikuwa anakoroma kwenye kiti, na sisi tunawaambia wageni wapunguze sauti. Musafiri amemfuata baba kabisa. Ndiyo maana anaijua taa ya watu.

Taa ya baba tuliiita bidii.

Jumapili nitasema Bahati aoe. Na kaka yangu akitaja ile taa, nitamuuliza mbele ya wote, kwa upole, yeye saa hizo huwa ameamka kufanya nini.