Enoch Bado Yuko Uwanjani

Wexcombe, Agosti 1874

Kaka Edwin mpendwa,

Natumaini Kanada inakutunza. Sisi hatujambo. Miplamu imezaa hadi matawi yanainama, na Mama bado anagombana na kasisi juu ya kengele.

Ndugu yetu Ambrose amecheza kriketi tena. Tangu mpira aliourusha ulipompiga Enoch Tapsell kichwani na kumuua, kiangazi kilichopita, hakuwa amekanyaga uwanja. Alhamisi mjane wa Enoch alikuja mwenyewe mlangoni.

"Bwana Ambrose, watu wakiniona wanainamisha macho. Hakuna anayecheka tena kijijini. Njoo ucheze, tupumue."

Jumamosi akaenda. Alikimbia vizuri na mpira mkononi kwenda kuurusha, kisha akasimama ghafla, jasho likimtiririka. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Bi Tapsell akapaza sauti: "Rusha tu, Bwana! Enoch angekucheka!"

Akarusha. Noakes, yule mwoka mikate, akaupiga mpira hadi ng'ambo ya ua. Watu wakashangilia, na Ambrose akaketi kwenye nyasi akilia.

Tulipokunywa chai nilimuuliza alisimama kwa nini.

"Enoch alikuwa mbele ya Noakes, ananitazama."

"Na uliporusha?"

"Alisogea kando."

"Basi ameondoka?"

"Aende wapi, Lettice? Pale ndipo anapopapenda."

Jumamosi hii atacheza tena. Mama hajui habari hizi za Enoch kuonekana uwanjani. Ukijibu, tafadhali usizitaje.

Dada yako akupendaye,
Lettice